Kuitika Wito na Kulipokea Neno

Wahenga walituachia mithali isemayo, "Usikatae wito, kataa neno." Maana yake yajulikana na kila mtu aliyelelewa vema. Ukiitwa na mkubwa wako, au na jirani yako, haifai kunyamaza kana kwamba hukusikia. Ni juu yako kuitika na kwenda. Walakini ukiisha kufika na kuambiwa jambo uliloitiwa, hapo waweza kusema, "Hili siliwezi," ukarudi kwako bila lawama. Mithali hii ni ya adabu, tena ni ya busara, kwa kuwa yamhifadhi aitaye na aitwaye pia.

Karibuni nimesoma kitabu kilichonifanya niitazame mithali hii upya. Je, yafaa mbele ya Mungu? Yawezekana mtu kumwitikia Mungu wito wake, kisha akalikataa neno lake? Na yule asiyeitika upesi, je, amekataa? Kwa ajili ya maswali hayo nataka kuwapasha wasomaji habari za kitabu hicho, uzuri wake na upungufu wake, ili kila mtu apime mwenyewe.

Mwenye kitabu ni Dag Hammarskjöld, mtu wa Uswidi. Alizaliwa mwaka 1905 katika mji wa Jönköping, akakulia Uppsala katika nyumba ya wakubwa. Baba yake alikuwa Waziri Mkuu wa nchi ile tangu mwaka 1914 hata mwaka 1917. Mwana naye alishika kazi za serikali, na mwaka 1953 alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Alikaa katika kazi hiyo hata alipokufa, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege yake ilipoanguka msituni karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo yaitwa Zambia. Hakuoa, wala hakuacha mtoto.

Baada ya kufa kwake, nyumbani mwake New York yalionekana maandiko aliyokuwa akiyaandika kwa siri tangu ujana. Pamoja nayo palikuwa na barua kwa rafiki yake, akimpa ruhusa ya kuyapiga chapa kama akiona yafaa, na kumweleza kwamba ni kumbukumbu ya mashauri yake na nafsi yake na Mungu wake. Yalitolewa kwa Kiswidi mwaka 1963, na jina lake ni Vägmärken, maana yake alama za njiani. Mwaka uliofuata yakatoka kwa Kiingereza, nacho ndicho kitabu nilichokisoma, kiitwacho Markings. Waliokifasiri ni wawili: Leif Sjöberg, ambaye Kiswidi ni lugha yake, na mshairi W. H. Auden, ambaye hakukijua. Kwa hiyo msomaji wa Kiingereza na akumbuke kwamba sauti aisikiayo ni ya Hammarskjöld, lakini imepita kwanza katika kinywa cha mshairi mwingine.

Jina lile la Kiswidi lapendeza kuliko la Kiingereza. Wasafiri wetu wa zamani walipopita porini walichanja magome ya miti, au walivunja tawi wakalilaza juu ya njia isiyofaa, ili waliofuata nyuma wasipotee. Mwenye kuweka alama hasimulii safari. Aonyesha tu kwamba alipita hapa, na kwamba kule hakupitika. Ndivyo kilivyo kitabu hiki. Si hadithi, wala si mahubiri. Ni maneno mafupi, mengine ya mstari mmoja, mengine sala, mengine mashairi madogo ya silabi 17 kwa mtindo wa Kijapani. Mtu akitafuta humo habari za wafalme na mabaraza ya dunia ataona kwamba amedanganyika, kwa maana Umoja wa Mataifa hautajwi, wala mtu yeyote aliyefanya kazi naye. Zimo habari za moyo mmoja tu.

Katika alama hizo zote nachagua tatu, kwa kuwa zahusu jambo letu.

Alama ya kwanza ni ya mwaka 1952. Hammarskjöld alikuwa mtu mzima mwenye cheo, aliyesifiwa kwa akili na kwa kazi. Lakini kurasa za mwaka ule ni za mtu aliyefika ukingoni. Aona upweke wake, aona kwamba anachokiomba, yaani maisha yake yawe na maana, ni kama ombi lisiloweza kutimizwa. Haombi cheo, maana anacho. Aomba sababu ya kuishi. Nawashauri wasomaji wasiziruke kurasa hizo kwa kuziona nzito. Wengi wetu twapenda shuhuda zianziazo kwenye furaha. Huyu atuonyesha kwamba mtu aweza kukaa miaka mingi karibu na mlango pasipo kuuona.

Alama ya pili ni ya mwanzo wa mwaka 1953. Palikuwa na wimbo wa kanisani ambao mama yake alizoea kuusoma usiku wa kuamkia mwaka mpya, naye kwa miaka kadhaa alianza kurasa za mwaka kwa maneno machache ya wimbo huo, yanenayo juu ya usiku unaokaribia. Mwaka ule, baada ya maneno hayo, aliandika jambo jipya: kwa yote yaliyopita alitoa shukrani, na kwa yote yatakayokuja alitamka ndiyo. Basi hayo tu. Tazama sasa tarehe. Maneno hayo aliyaandika mwaka ulipoanza, na habari ya kwamba amependekezwa kuwa Katibu Mkuu ilimfikia usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili. Hakuitazamia hata kidogo. Alidhani ni mzaha. Maana yake, aliitika kabla hajaambiwa atatumwa wapi. Ndiyo yake ilitangulia, na neno likafuata baada ya miezi mitatu.

Alama ya tatu ni ya siku ya Pentekoste, mwaka 1961, miezi minne tu kabla ya kufa kwake. Hapo ageuka kutazama nyuma, akiri kwamba hajui ni nani aliyemwuliza swali, wala hajui lilikuwa lini, wala hakumbuki vizuri kwamba alijibu. Walakini ajua kwamba wakati fulani alisema ndiyo, na tangu saa ile alikuwa na yakini kwamba maisha yana maana.

Wako waliolaumu ukurasa huo. Wasema, Mkristo gani asiyejua ni nani aliyemwita? Mwenye kuita ana jina, nasi twalijua. Nami nakubali kwamba twalijua. Lakini anayelaumu na asome mpaka mwisho wa ukurasa uleule. Hammarskjöld aendelea kusema kwamba kadiri alivyokwenda katika njia ile, alijifunza hatua kwa hatua kwamba nyuma ya kila neno la Injili amesimama mtu mmoja, aliyeomba kikombe kimwepuke, kisha akakinywa. Hakuanza na jina akamaliza bila kitu, kama wengine wetu. Alianza na sauti asiyoijua, akafika msalabani.

Hapa lugha yetu yaweza kutusaidia kufahamu. Watu wa pwani huwafundisha watoto wao hivi: mtoto wa kiume akiitwa aitike "Naam," na wa kike "Abee." Maneno hayo si maneno ya kukubali jambo, kwa maana jambo halijatajwa bado. Maana yake ni, "Nipo, nasikia." Hivyo lugha yetu yatenga ndiyo mbili: ndiyo ya kuitika, na ndiyo ya kukubali. Mtoto Samweli aliitika mara tatu akamwendea Eli, kwa kuwa hakuijua bado sauti ya Bwana. Hakuna aliyemkemea kwa kukosea mlango. Eli alimfundisha jinsi ya kujibu.

Naye Musa ni mfano wa mithali yetu yote nzima. Alipoitwa katika kijiti kilichowaka moto aliitika mara moja. Alipoambiwa neno, yaani aende kwa Farao, alileta udhuru juu ya udhuru: yeye ni nani, jina la aliyemtuma ni nani, watu hawatamwamini, ulimi wake ni mzito, mwisho akaomba atumwe mtu mwingine. Hakukataa wito, alikataa neno. Lakini Mungu hakumwachia. Alimkasirikia, ila hakumtupa. Alimpa Haruni nduguye awe kinywa chake. Basi twaona kwamba mbele ya Mungu nusu ya pili ya mithali yapungua nguvu. Jirani aniitaye hajui mzigo wangu, ndiyo sababu nina haki ya kumkatalia. Mungu aujua mzigo wangu kabla hajaniita.

Lakini kukataa ni jambo moja, na kuuliza ni jingine. Mariamu alipoletewa habari na malaika aliuliza kwanza litakuwaje jambo hilo, kisha akajitoa kuwa mjakazi wa Bwana. Hakulaumiwa kwa swali lake. Ndiyo ipitayo katika swali si dhaifu kuliko ndiyo isiyouliza kitu.

Nasema hayo kwa kuwa kitabu hiki kimenihukumu mimi mwenyewe, wala si haki nihukumu kitabu na kuficha kwamba nacho kimenihukumu. Nimefundisha darasa la ubatizo kwa miaka mingi. Desturi yetu ni kuwauliza wanafunzi pamoja, nao hujibu pamoja, kwa sauti moja, na mwalimu hufurahi. Mwaka mmoja alikuwapo kijana aliyejua masomo yote kuliko wenzake. Nilipouliza kama wataka kumfuata Kristo, wote walijibu, "Ndiyo," naye akanyamaza. Nikamwuliza peke yake. Akasema, "Mwalimu, bado nalitazama neno hilo." Niliona haya mbele ya mzee wa kanisa aliyekuja kutukagua. Nikamwambia kwamba hajafahamu, nikamrudisha katika darasa la wanaoanza, akaketi pamoja na watoto wadogo. Alivumilia masika moja, kisha hakuja tena.

Siku ile nilidhani natunza usafi wa kanisa. Sasa, baada ya kusoma kurasa hizi za mtu aliyelitazama neno hilohilo tangu miaka ya 1925 hata 1953, nafahamu kwamba kijana yule peke yake ndiye aliyelisikia swali langu. Wengine walisikia tu kwamba ni zamu yao kujibu. Bwana wetu mwenyewe alisimulia habari za wana wawili walioambiwa na baba yao waende shambani. Mmoja alikataa, kisha akajuta akaenda. Wa pili alijibu kwa heshima kwamba ataenda, asiende. Mimi nilikuwa nikimfundisha huyu wa pili, na kumsifu.

Sasa nitaje upungufu wa kitabu, maana sifa tupu si uchambuzi.

Upungufu wa kwanza ni upweke wake. Katika kurasa zile zote hakuna usharika, hakuna mchungaji, hakuna Meza ya Bwana pamoja na ndugu. Auden mwenyewe, katika dibaji yake, ameligusa jambo hili kwa masikitiko. Huko New York, katika nyumba kubwa ya Umoja wa Mataifa, kiko chumba cha ukimya ambacho Hammarskjöld alikishughulikia kwa mkono wake, kikafunguliwa mwaka 1957. Katikati pamewekwa jiwe kubwa moja la madini ya chuma kutoka Uswidi, na mwali wa taa waliangazia kutoka juu. Hakuna msalaba wala sanamu, ili watu wa kila dini waingie. Kwa nyumba ile ya mataifa yote, ni vema. Lakini naona kwamba kitabu nacho kimejengwa kama chumba kile: ni safi, ni kimya, kina mwanga mmoja, na ameketi mtu mmoja. Kwetu vijijini mtu humwambia Mungu ndiyo mbele ya watu, na watu wale humshika mkono miguu yake inapolegea. Mwenye kusoma kitabu hiki asidhani kwamba lazima aache kanisa ili aisikie sauti.

Upungufu wa pili ni namna anenavyo juu ya kujitoa sadaka. Kitabu kilipotoka, wako watu katika Uswidi waliosema kwamba amejifananisha na Kristo. Lawama hiyo naiona ni kali mno, kwa kuwa yeye mwenyewe akemea kiburi chake mara nyingi kabla mtu mwingine hajakikemea. Walakini ziko kurasa ambazo kifo chatazamwa kwa kupendwa kupita kiasi, kana kwamba mtu aweza kuuchagua msalaba wake. Msalaba haupimwi kama kanzu. Mtu hupewa.

Upungufu wa tatu watuhusu sisi watu wa Afrika zaidi. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na mwezi uliofuata askari wa Umoja wa Mataifa waliingia kwa sababu ya machafuko. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza, aliuawa katika Katanga tarehe 17 Januari 1961, na watu wengi walimlaumu Katibu Mkuu kwamba askari wake hawakumlinda. Khrushchev wa Urusi alikuwa amekwisha kutaka ajiuzulu, Hammarskjöld alikataa. Msomaji wa Kongo ana haki kuuliza, "Ndiyo yako hiyo ilitufaa nini?" Kitabu hakijibu. Ukurasa ule wa Pentekoste uliandikwa miezi minne tu baada ya Lumumba kuuawa, wala jina lake halimo.

Sitaki kumjibia marehemu. Ninalolijua ni hili: mtu aweza kumwambia Mungu ndiyo kwa moyo wote, na bado akakosa katika mashauri ya kazi yake. Ndiyo haimpi mtu macho ya kuona yote. Yamfanya tu asikimbie pale anapotakiwa kutoa hesabu. Katika safari yake ya mwisho alikuwa akienda Ndola kukutana na Moïse Tshombe, ili mapigano ya Katanga yakome. Watu 16 walikuwamo katika ndege ile, nao wote wakafa, mmoja wao baada ya siku chache. Sababu ya kuanguka kwake imechunguzwa kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliitia kazi hiyo mkononi mwa Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania.

Tena liko jambo moja la kupunguza lawama ile ya upweke. Katika maneno aliyoyatoa kwa redio karibu na mwanzo wa kazi yake, Hammarskjöld alieleza kwamba alijifunza imani kwa wacha Mungu wa zamani wa Ulaya, na kwamba watu hao, walipojisahau nafsi zao, walipata nguvu ya kuitikia kila haja ya jirani iliyowajia. Basi hata yeye, katika chumba chake cha ukimya, alijua kwamba wito wa Mungu waja kwa sauti ya mtu mwingine: mgonjwa, mgeni, mjane, au taifa lenye vita. Laiti angaliandika zaidi juu ya hao.

Je, kitabu hiki kisomwe na nani? Si chakula cha mtu aliyeamini jana. Chawafaa walimu, wazee wa kanisa, na kila mtu aliyesema ndiyo zamani, naye leo hajui aliipoteza wapi. Kisisomwe upesi, ukurasa mmoja jioni watosha. Asiyejua Kiingereza na amwombe ndugu ajuaye amsomee na kumfasiria, kisha wazungumze wote wawili. Kwa njia hiyo upweke wa kitabu utapata dawa yake.

Narudi kwenye mithali. Mbele ya wanadamu naishika kama nilivyofundishwa. Mbele ya Mungu naona imenipasa kuisema hivi: usikatae wito, uliza neno, kisha lichukue. Wala mwalimu asimharakishe mtu anayeuliza.

Kuhusu kijana yule, nimesikia kwamba yuko kijiji cha pili, amekwisha kuoa. Mwezi uliopita nilimpelekea salamu kwamba nataka kufika kwake nimwombe radhi. Hajajibu bado. Yamkini analitazama neno langu. Safari hii nitamngoja.